Shanga za Kiunoni na Jicho la Mtambo

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo ilitosha zama ambapo soko lilikuwa uwanja mmoja na mnunuzi aliufikia kwa miguu yake. Siku hizi hata kizuri hujitembeza, tena hutembezwa kwa pesa, katika uwanja ambao mwenyewe haonekani na langoni amesimama bawabu asiye na uso. Bawabu huyo haulizi kwanza sifa za bidhaa. Hutazama picha. Ikimridhisha, tangazo hupita; ikimtia shaka, hulirudisha pamoja na sentensi mbili tatu za maelezo, na mfanyabiashara hubaki akijiuliza amekosea wapi.

Nimekuwa nikitengeneza matangazo ya mitandao ya kijamii kwa takribani miaka minne, tangu nilipomaliza shahada ya kwanza. Sehemu ya karo ya uzamili wangu imetoka huko: kwa mafundi cherehani, wauzaji wa mitumba, mama mmoja mpika mahamri na vijana wawili wanaotengeneza simu. Wenzangu huiona kazi hii kuwa ya kando, ya kutafutia riziki tu, isiyohusiana na fasihi tunayoisoma. Mimi nimefikia rai tofauti. Kuchagua picha itakayopita langoni na bado ikasema jambo ni shughuli ya uhakiki, na istilahi tunazozikariri darasani, tasfida, fumbo, hadhira, muktadha, zimenifaa huko kuliko mwongozo wowote wa biashara. Kilichonifikisha kwenye rai hiyo ni shanga.

Shangazi yangu ana duka Mombasa, Mji wa Kale. Anauza leso, udi, hina, mafuta ya nazi, na shanga za kiunoni anazozitunga mwenyewe jioni baada ya sala ya alasiri. Kwa miaka mingi shanga hizo hazikuwekwa hadharani dukani. Mteja alinong'ona, shangazi akainama chini ya meza, akatoa furushi lililofungwa kwa gazeti. Biashara ilipozorota, muuzaji wa jumla aliyemletea ushanga alimshauri atangaze mtandaoni na akampa picha ya kutumia: kiuno cha mwanamke, kuanzia kitovuni hadi nyongani, kimezungushiwa shanga nyekundu na nyeupe. Uso hakuna, miguu hakuna. Nilipoitwa, tangazo lilikuwa limekwisha kukataliwa mara mbili na mtandao mmoja ambao sitautaja, na ujumbe wa kukataliwa ulikuwa kwa Kiingereza. Nikamtafsiria shangazi: wanasema picha ina maudhui ya watu wazima.

"Kwani wateja wangu ni watoto?" akauliza.

Swali lake lilikuwa la kimantiki kabisa. Nikamweleza kanuni zilivyo. Meta, kwa mfano, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, hairuhusu katika matangazo picha za uchi wala za mikao ya kuashiria ngono, na imekuwa ikitahadharisha hata dhidi ya picha inayokikazia macho kiungo kimoja cha mwili, kama vile tumbo, kifua au makalio, ijapokuwa haina nia ya ngono. Kiuno kisicho na mwenyewe, nikamwambia, ndicho hasa kinachokatazwa. Nilitarajia ahamaki. Badala yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la leso.

"Ningekuwa mimi ndiye bawabu, pia ningeikataa," alisema. "Shanga hazitazamwi, mwanangu. Husikika."

Nimeitafakari kauli hiyo mara nyingi. Mtambo na shangazi walifikia hukumu moja, ilhali njia zao hazikukutana popote. Mtambo ulipima ngozi: imeonekana kiasi gani, katika umbo gani, karibu na kiungo kipi. Shangazi alipima hadhira: nani anatazama, yuko na nani, ameingia kwa mlango upi. Haya ya Waswahili, kama tasfida yake, haina orodha ya vitu vilivyokatazwa daima. Mwanamke yuleyule atakayesema "amejifungua" mbele ya wanaume atalitaja kila jambo kwa jina lake akiwa ndani na wanawake wenziwe. Somo wangu, aliponifunza yale ambayo wari hufunzwa, alisema waziwazi mambo ambayo sitayaandika katika jarida hili, na hakuna aliyemwona kuwa mtovu wa adabu. Kuna chumba, kuna saa, kuna watu. Mtambo hauna chumba. Kwake hadhira ni moja tu, dunia nzima, na dunia nzima imekaa kwenye baraza moja mchana kutwa.

Hata hivyo kuna swali ambalo mtambo haukuliuliza: kiuno kile kilikuwa cha nani? Kuna mwanamke mahali fulani aliyesimama mbele ya kamera, akapigwa picha, kisha kiuno chake kikaanza safari ya kutoka simu hadi simu mpaka kikamfikia muuzaji wa jumla wa ushanga. Ujumbe wa kukataliwa ulihusu ngozi yake. Haukugusia ridhaa yake, wala haki ya aliyempiga. Naliona hilo kuwa kubwa kuliko suala la kitovu.

Nisije nikadhaniwa kuwa naulaumu mtambo kwa kutoijua Mombasa. Haijui hata Paris. Mnamo Machi 2018 mwongozaji mmoja wa tamthilia katika jiji hilo alitaka kutangaza mchezo wake kwenye Facebook kwa kutumia mchoro wa Eugène Delacroix wa mwaka 1830, ule unaomwonyesha Uhuru kama mwanamke mwenye bendera akiwaongoza watu juu ya vifusi, kifua wazi. Tangazo lilikataliwa. Mwongozaji akalirudisha akiwa amekifunika kifua hicho kwa maneno ya kwamba kimedhibitiwa na Facebook, na baadaye kampuni ikaomba radhi. Mwaka mmoja kabla yake, sanamu ya Neptuni iliyosimama katika uwanja wa Bologna, Italia, tangu karne ya 16 ilikuwa imezuiwa vilevile katika tangazo la ukurasa uliohusu mji huo, na kampuni ikasema baadaye kuwa lilikuwa kosa. Katika mwaka 2018 bodi ya utalii ya Flanders, Ubelgiji, nayo ililalamika kuwa matangazo yake yenye michoro ya Rubens yalikuwa yakiondolewa. Jambo ambalo wengi hawalitambui katika mikasa hii ni kwamba kanuni za matangazo ni kali kuliko kanuni za machapisho ya kawaida. Mchoro ambao mtu angeliweza kuutia katika ukurasa wake bila bughudha ungezuiwa pindi alipolipa ili uonwe na wengi. Anayelipa huchunguzwa zaidi ya anayezungumza bure, na kwa upande huo sioni ubaya.

Ubaya naouona ni katika kutenganisha picha na maneno yake. Wanafunzi wa semiotiki watakumbuka makala ya Roland Barthes ya mwaka 1964 kuhusu tangazo la tambi za Panzani, ambamo alionyesha kuwa picha huelea na maana nyingi, na maneno yaliyoandamana nayo ndiyo huitia nanga kwenye maana moja. Jicho la mtambo mara nyingi hukata kamba ya nanga hiyo. Mnamo Mei 2016 kundi moja la wanawake nchini Australia lilitangaza mjadala kuhusu miili na kujikubali, wakaweka picha ya Tess Holliday, mwanamitindo mnene, akiwa amevaa vazi la kuogelea. Walijibiwa kwamba picha inaonyesha mwili kwa namna isiyopendeza. Kanuni yenyewe ilikusudiwa kuwazuia wauza dawa za kupunguza unene wasiwadhalilishe watu, na kwa nia hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Nimewahi kukataa kazi ya chai ya kukonda kwa sababu mwenyewe alishikilia picha mbili za tumbo, la kabla na la baada. Tasfida imetufunza kutomsimanga mtu kwa mwili wake. Lakini kanuni njema ilimwangukia mwanamke aliyekuwa akisema yaleyale inayoyasema. Kampuni iliomba radhi.

Basi tukarudi kwenye shanga. Nilimwomba shangazi asahau kiuno, anieleze shanga. Alizungumza saa nzima: uzi upi haukatiki, rangi ipi ni ya bibi harusi, ushanga upi una mlio. Tukatandika leso karibu na dirisha la kusini ambapo mwanga hauchomi, tukamwaga shanga juu yake, na binti wa jirani mwenye hina mpya akaushika uzi kwa vidole viwili, ushanga mmoja ukiwa bado hewani kabla ya kuungana na wenzake. Hiyo ndiyo picha. Kila mwanamke wa Pwani aliyeiona aliujua uzi ule uendako. Mtambo uliona mkono na kitambaa. Tangazo lilipita kabla hatujamaliza chai, na wateja walipiga simu kutoka Malindi, Lamu na hata Maskati.

Lakini ile leso ilikuwa na neno lake. Msomaji anajua kuwa leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi ya chini yanayosema kile ambacho mvaaji hasemi kwa kinywa. Shangazi ndiye aliyeichagua, na jina lake lilisomeka wazi chini ya mkono wa binti yule: HASIDI HANA SABABU. Mtaani kuna duka jingine la leso na udi, na uhusiano wa maduka hayo mawili si wa kuandikwa. Nilimwambia shangazi kabla ya kupiga picha kuwa jina lile litafika lisikotakiwa kufika, au pengine linakotakiwa. Akanitazama kwa upole mkubwa.

"Kwani nimemtaja mtu?"

Huo ndio utetezi wa leso tangu leso iwe leso, na hauna jibu. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeusoma ujumbe. Bawabu wa lango, aliyeona uchi kwenye kiuno kisicho na mwenyewe, hakuona kitu kwenye kijembe kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

Hapo pana kichekesho na pana la kutisha. Ilikuwapo zama ambapo mtambo uliyaona maandishi ya picha, ila uliyaona kama madoa. Facebook iliigawa picha ya tangazo katika miraba 25, na maandishi yalipogusa zaidi ya miraba 5, yaani asilimia 20, tangazo lilikataliwa. Kuanzia mwaka 2016 halikukataliwa tena ila lilipunguziwa watazamaji, na mnamo Septemba 2020 kizuizi hicho kikaondolewa. Yalipimwa maeneo, hayakupimwa maana. Na maana ikiwa kwa Kiswahili, mambo huzidi.

Kabla ya uchaguzi wetu wa tarehe 9 Agosti 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalifanya jaribio. Yaliwasilisha kwa Facebook matangazo yenye kauli za chuki na uchochezi wa kikabila, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha yakayaondoa kabla hayajaonwa na umma. Yale ya Kiswahili yalikubaliwa yote. Yale ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni kanuni ya sarufi na lugha chafu; yaliporekebishwa kidogo, nayo yakakubaliwa. Tarehe 29 Julai Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliipa kampuni siku 7 za kujirekebisha. Niliisoma habari hiyo nikiwa maktabani, na sikuweza kuendelea na kitabu nilichokuwa nikikisoma. Sisi tunaofundishwa kuwa Kiswahili ni lugha ya mamilioni, lugha ya taifa na rasmi kwa mujibu wa katiba ya 2010, tulikuwa tumeambiwa kwa vitendo kuwa mtu aweza kuchochea mauaji kwa lugha hiyo na bawabu asigeuke. Na hata kwa Kiingereza alichorudisha kwanza kilikuwa ni upatanisho wa sarufi! Kitovu kimoja cha Mombasa kilishtua kuliko wito wa kuwamwaga majirani damu.

Tangu siku hiyo sikubali tena hoja ya kuwa kanuni za picha ni suala la mafundi wa kompyuta. Anayejua kwamba neno lile kwenye pindo la leso ni kijembe, na kwamba neno jingine la kawaida la shambani huweza kugeuzwa tusi la kabila msimu wa kura ukifika, ni mwanafunzi wa Kiswahili. Idara zetu zina tasnifu juu ya leso, juu ya mafumbo, juu ya lugha ya uchaguzi. Zinakaa rafuni.

Niseme pia jambo kuhusu binti wa jirani. Mkono tu ndio uliopigwa picha, lakini kabla ya hapo mama yake aliombwa, naye mwenyewe, ambaye ametimiza miaka kumi na tisa, aliandika karatasi ya ridhaa. Shangazi aliona ni urasimu wa Nairobi. Nikamkumbusha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwamba Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Takwimu hizo zilimnyamazisha. Na ilikuwa heri, kwani wanawake watatu walimtambua binti kwa michoro ya hina yake tu. Mkono nao una uso.

Sasa ninayo kazi nyingine, na hii hainipi usingizi. Muuguzi mmoja wa kaunti ya Kilifi, mwanamke wa makamo, amenitaka nimtengenezee tangazo la kuwafunza wanawake kujichunguza matiti mapema. Mwanzoni nilifurahi, nikidhani hila ya shanga itafaa. Mnamo Oktoba 2016 shirika la kupambana na saratani la Uswidi lilizuiliwa tangazo lake la video la somo hilohilo, ingawa matiti yalikuwa ya kuchorwa, miduara tu ya waridi. Wao wakajibu kwa kuyachora upya kuwa miraba, na Facebook ikaomba radhi. Mbunifu Corrine Beaumont naye alitumia malimau 12 katika trei ya mayai kuonyesha dalili mbalimbali, na picha hiyo ilienea mno mapema 2017. Nikamchorea muuguzi malimau, ya kwetu, yenye majani.

Aliyatazama kwa muda. Akasema ni mazuri, yatasaidia mtu ajue ngozi ikibonyea inafananaje. Kisha akauinua mkono wake wa kushoto na kuniuliza, "Haya, limau lina kwapa?"

Uvimbe, alinieleza, hujificha kwapani pia, na mwanamke asiyeonyeshwa vidole vianzie wapi na viishie wapi atapapasa kati tu na kurudi nyumbani ameridhika. Amewaona walioridhika hivyo wakirudi baada ya mwaka. Wazee wetu waliosema mficha uchi hazai walikuwa wakiujua ukomo wa sitara, na huyu muuguzi anaujua kwa majina ya wagonjwa. Fumbo linalouza shanga laweza kuua hapa. Nilirarua malimau, nikachora upya.

Mchoro wa pili ulikuwa na mistari michache mno akasema unafanana na ramani. Wa tatu unamwonyesha mwanamke aliyejitanda leso begani, mkono mmoja umeinuliwa hadi kisogoni, vidole vya mkono wa pili viko chini ya kwapa, na titi ni mstari mmoja uliopinda. Niliuwasilisha Jumatatu. Ulikataliwa kwa dakika arubaini. Nimeomba mapitio ya binadamu, nikaandika maelezo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hadi ninapoandika haya sijajibiwa.

Muuguzi hakungoja. Amechapisha nakala ishirini za mchoro huo na kuzipeleka katika zahanati za jirani. Ile ya zahanati yake ameibandika ndani ya chumba cha kliniki ya akina mama, nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi haionekani, na ukifungwa kila aliyemo ndani huiona.